Kabla Mpira Haujafika: Kwa Kijana Anayetaka Kazi ya Kulinda Uwanja wa Ndani

Vijana wanaoanza besiboli, hasa wa kwetu Afrika Mashariki waliofundishwa na walimu wa Kijapani mjini Dar es Salaam au waliokulia katika timu za watoto za Uganda, huniuliza maswali yanayofanana. Wanataka kujua mkono unapaswa kuwa na nguvu kiasi gani, mtu akimbie kwa sekunde ngapi, na wasaka vipaji hupatikana wapi. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza mchezaji afanye nini katika zile sekunde chache kabla mrushaji hajauachia mpira, na ningewalaumu kwa hilo lau mimi mwenyewe nisingecheza miaka mingi bila kujiuliza.

Wazazi wangu walihama Tanga kwenda Marekani nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Nilicheza shotistopu, yaani ile nafasi iliyo kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo ambavyo mpigaji hukimbilia kimoja baada ya kingine), tangu sekondari hadi chuo, kisha nikacheza misimu mitatu ya kulipwa katika ligi huru, ambazo hazifungamani na klabu za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani na ambazo humpa mchezaji pesa ya kula na ya kufulia nguo, basi. Sikupanda zaidi ya hapo. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ushauri huu unatoka kwa mtu aliyefika kizingitini akachungulia, si kwa mwenye nyumba, ingawa aliyekaa kizingitini muda mrefu huwaona wote wanaoingia na wote wanaotoka.

Msimu wangu wa kwanza kocha wetu wa uwanja wa ndani, yaani eneo lenye besi, alikuwa mzee kutoka Jamhuri ya Dominika, mtu wa maneno machache aliyetembea na mpira mmoja mkuukuu mfukoni. Jioni moja, mvua ikiwa imenyesha mchana na udongo mwekundu ungali mzito, tukiongoza kwa alama moja, ulinijia mpira wa chini ambao hata mtoto wa miaka kumi angeuokota. Haukuwa na kasi wala haukudunda vibaya. Nilikuwa nimesimama wima, visigino vimezama udongoni, na nilipoanza kushuka mpira ulikuwa umekwisha kupita chini ya glavu yangu, umelowa, unang'aa kwa taa za uwanjani, ukaenda zake majanini. Niliporudi benchini nilijiandaa kugombezwa kwa kuukosa. Mzee hakuutaja mpira kabisa. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kabla haujapigwa nilikuwa nimeamua kuutupa wapi. Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa nimeamua lolote. Akaniambia nikanywe maji.

Swali lile ndilo kazi yenyewe. Chukua saa uhesabu, kwa kuwa mpigaji hutolewa mtupo wako ukifika besi ya kwanza kabla yake. Kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi besi ya kwanza ni futi 90, yaani mita 27.4, na mpigaji wa kulipwa wa mkono wa kulia huumaliza mwendo huo kwa sekunde 4.3 hivi, wa mkono wa kushoto akiwa mwepesi kidogo kwa kuwa husimama upande ulio karibu zaidi na besi hiyo. Mpira wa chini uliopigwa vizuri humfikia shotistopu kwa sekunde moja na nusu au mbili, kuuokota na kupanga miguu hadi kuuachia huchukua sekunde moja, na safari yake angani, mita 35 au zaidi, hula sekunde nyingine na ushei. Kinachobaki ni sehemu chache za kumi za sekunde, na humo hamna nafasi ya mashauriano. Anayeanza kufikiri mpira ukiwa mkononi amekwisha kuchelewa, hata awe na mkono wa bunduki.

Kwa hiyo kabla ya kila mrusho, na katika mchezo mmoja kuna mirusho karibu 300 kwa timu zote mbili, mlinzi wa ndani hujiuliza wangapi wamekwisha kutolewa, nani yuko kwenye besi na miguu yake ikoje, mpigaji huyu hupendelea kupiga upande gani, na mrusho unaokuja ni wa kasi au wa kupinda. Shotistopu na mlinzi wa besi ya pili wana bahati ya kuziona ishara ambazo mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, humpa mrushaji, na tangu 2022, Ligi Kuu iliporuhusu kifaa cha kielektroniki cha kupeana ishara, baadhi yao huvaa spika ndogo ndani ya kofia na kusikia mrusho ukitajwa. Anayejua kwamba unakuja mpira wa polepole wa kupinda kwa mpigaji wa mkono wa kulia anajua pia kwamba huenda ukavutwa upande wa besi ya tatu, basi husogea nusu hatua upande huo, lakini kwa kuchelewa, ili asimfichulie mpigaji siri ya mrushaji wake. Ni nusu hatua tu. Mtazamaji haioni, na kamera huikosa kwa sababu wakati huo humfuata mrushaji, ila nusu hatua hiyo ndiyo hutofautisha mpira uliookotwa kwa utulivu na ule uliofukuziwa kwa kujirusha.

Baada ya uamuzi huja miguu. Mpira unapokaribia kufika kwa mpigaji, mlinzi hupiga hatua mbili ndogo mbele, kulia kisha kushoto, na kutua kwa vidole wakati uleule rungu linapokutana na mpira, magoti yamelegea, glavu iko wazi. Anayetua mapema hukaa kama nguzo, na anayetua amechelewa huwa bado angani mpira unapompita. Nimewafundisha vijana wenye mikono mizuri kuliko yangu ambao hawakuendelea kwa sababu hatua hizi mbili waliziona kama madoido. Kila anayekuja kwangu huanza kwa kuzifanya bila mpira, nikihesabu kwa sauti, na wengi hukasirika kabla wiki haijaisha.

Vifaa visiwe kisingizio. Ukuta wa saruji na mpira wa tenisi vinatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Simama mita nne au tano kutoka ukutani, utupe chini, uupokee kwa mkono mtupu, kiganja kikiuangalia mpira na vidole vikielekea chini, kisha upande wa glavu, kisha upande wa pili. Ukishazoea, sogea karibu ili muda upungue. Mpira wa tenisi una faida moja ambayo ule wa ngozi hauna, nayo ni kwamba ukiushika kwa mkono mgumu hukuponyoka, kwa hiyo unafundishwa ulaini na mpira wenyewe. Mipira 200 kwa siku, siku sita kwa wiki, huchukua nusu saa. Wanaoniambia hawana nusu saa huwa nawaona na simu mkononi, lakini hilo ni la kwao.

Glavu nayo ina mambo yake. Mlinzi wa ndani huvaa glavu ndogo, inchi 11 na robo hadi 11 na robo tatu hivi, mfuko wake ukiwa na kina kifupi, kwa sababu mpira unapaswa kutoka humo upesi kama ulivyoingia. Kijana aliyenunuliwa glavu kubwa ya mchezaji wa nje, ambayo hufika inchi 12 na nusu au zaidi, atashika mipira mingi na kuitoa kwa kuitafuta. Mlinzi wa besi ya kwanza ana glavu yake ya pekee, ndefu, isiyogawanyika vidole. Ngozi mpya hulainishwa kwa kuchezewa, si kwa kuanikwa juani wala kwa kulowekwa mafuta hadi iwe nzito. Na usiiazimishe. Mkono wa mtu mwingine huivunja mahali pasipo pako, nawe utakuja kuligundua hilo katika kipindi cha tisa, kile cha mwisho.

Sasa niseme juu ya makosa, kwa kuwa ndiyo huwafukuza vijana wengi kabla ya wakati. Mwaka 1993 shotistopu mmoja wa ligi ndogo, zile zilizo chini ya Ligi Kuu, katika mji wa Greensboro, Carolina Kaskazini, aliandikiwa makosa 56 katika msimu mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mtu huyo ni Derek Jeter, ambaye baadaye aliichezea New York Yankees misimu 20, akapiga mapigo salama, yaani yanayomfikisha mpigaji kwenye besi, 3,465 na kupewa tuzo ya ulinzi bora, Glavu ya Dhahabu, mara tano. Wapo watakaobisha kwamba hata katika ubora wake hakuwa shotistopu mwepesi kama sifa zilivyodai, na mimi ni mmoja wao, lakini alipoitwa juu mipira ya kawaida alikuwa anaimaliza. Ninachokiona katika makosa yale 56 ni kwamba klabu ilikuwa na subira kwa sababu alikuwa anakosea akifanya jambo sahihi, yaani akiufuata mpira na kuutupa kwa nia. Kuna kosa la mtu aliyejiandaa na kuna kosa la mtu aliyekuwa amelala. Makocha hulitofautisha moja na jingine hata kama karatasi ya matokeo huyaandika kwa namba ileile.

Kosa la kutupa ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu huweza kuhama mkononi likaingia kichwani. Chuck Knoblauch alikuwa mlinzi hodari wa besi ya pili, aliyepata Glavu ya Dhahabu mwaka 1997 akiwa Minnesota Twins. Miaka miwili baadaye, akiwa New York, alianza kushindwa kutupa mpira wa mita ishirini hivi kwenda besi ya kwanza, mtupo ambao kijana wa sekondari huufanya akiwa anaongea. Mwaka 1999 aliandikiwa makosa 26, mwaka 2000 mpira wake mmoja uliruka hadi jukwaani ukampiga mtazamaji usoni, na kufikia 2001 klabu ilikuwa imemhamishia uwanja wa nje wa kushoto. Bega lake lilikuwa zima. Kocha wangu aliamini kwamba dawa ni kumpunguzia mchezaji nafasi ya kufikiri, ndiyo sababu alitufanya tutupe tukitembea, miguu ikitangulia na mkono ukifuata tu, na kamwe hakuturuhusu kusimama, kupapasa mpira na kulenga. Sina hakika kama dawa hiyo ingemfaa Knoblauch. Kwangu ilifaa, na nikiona kijana ameanza kupapasa mpira mara mbili kabla ya kuutupa, siku hiyo simruhusu atupe akiwa amesimama.

Hadi hapa nimezungumzia glavu peke yake, kwa sababu ndiyo humfungulia mlinzi wa ndani mlango. Muda atakaokaa ndani huamuliwa na rungu, na hapa ndipo kijana wa Kiafrika anapaswa kusikiliza kwa makini habari za Gift Ngoepe. Alizaliwa mwaka 1990 nchini Afrika Kusini na kukulia Randburg, karibu na Johannesburg, katika jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi na kupewa chumba cha kuishi. Uwanja ulikuwa mlangoni pake. Alisoma katika chuo cha mafunzo cha Ligi Kuu kilichokuwa Tirrenia, Italia, ambako Barry Larkin, shotistopu mkubwa wa Cincinnati, alikuwa miongoni mwa waliomfundisha, na mwaka 2008 akasaini mkataba na Pittsburgh Pirates. Kisha akapanda ngazi za ligi ndogo mwaka baada ya mwaka, mwenye miguu na mikono ambayo kila kocha aliisifu, na rungu ambalo kila kocha alililalamikia.

Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na miaka 27, aliitwa. Aliingizwa katikati ya mchezo dhidi ya Chicago Cubs, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kufika Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kusimama na rungu alimpiga Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa bingwa wa msimu uliotangulia, pigo safi la besi moja. Nilikuwa naangalia kwenye simu ndani ya basi na nilipiga kelele hadi dereva akatazama kwenye kioo. Lakini mwaka ule alicheza michezo 28 tu na wastani wake wa kupiga ukawa .222, yaani pigo moja salama kwa kila majaribio manne na nusu. Mwaka uliofuata alikuwa Toronto, michezo 13, pigo salama moja katika majaribio 18. Hakurudi tena Ligi Kuu. Alichokipata hakuna wa kumnyang'anya, na aliwafungulia njia waliokuja nyuma yake, akiwemo mdogo wake Victor aliyesaini na klabu hiyohiyo. Ila anayedhani kwamba glavu peke yake hulipa kodi ya nyumba kwa miaka kumi aiangalie tena hesabu ile ya michezo 41.

Wapo watakaonitajia Ozzie Smith, pengine mlinzi bora kuliko wote waliopata kusimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mwenye Glavu za Dhahabu 13. Ni kweli kwamba mwaka 1979 wastani wake ulikuwa .211 na mwaka uliofuata .230, na bado akabaki. Kwanza, ule ulikuwa wakati mwingine, klabu zikimvumilia shotistopu asiyepiga. Pili, hakubaki na .211. Alifanya kazi miaka mingi ya kuongeza nguvu na kujifunza kuupiga mpira chini badala ya kuurusha juu, hata mwaka 1987 akafika .303, na kazi hiyo aliifanya akiwa tayari nyota ambaye hakuna aliyemlazimisha. Kijana wa ligi ndogo anayeambiwa kwamba rungu lake ni dogo asijitete kwa glavu. Aanze siku hiyo kupokea mipira ya kupinda kutoka kwenye mashine, kwa maana ndiyo itakayomkuta ngazi inayofuata, na akisubiri kufika huko ndipo aanze kuisoma atakuwa anaisoma mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Jambo jingine la kujiandalia ni nafasi ya pili, na ya tatu ikiwezekana. Katika kambi za mafunzo za Jamhuri ya Dominika, ambako klabu huruhusiwa kusaini vijana wanapofikisha miaka 16, karibu kila mtoto mwenye kipaji hutambulishwa kama shotistopu, kwa sababu anayeiweza nafasi hiyo huweza kuhamishiwa popote. Wengi wao huhamishwa. Kijana mwenye busara haoni kuhamishwa kuwa adhabu. Cal Ripken, aliyecheza michezo 2,632 mfululizo bila kukosa hata mmoja, kati ya 1982 na 1998, alitolewa besi ya tatu kupelekwa shotistopu mwaka 1982, wakati wengi wakisema kwamba mtu wa mita 1.93 ni mrefu mno kwa nafasi hiyo, na mwaka 1997 akarudishwa besi ya tatu umri uliposogea. Ben Zobrist alijenga maisha yake yote kwa kucheza karibu kila mahali, na mwaka 2016 akawa mchezaji bora wa fainali ya ubingwa. Klabu ya Ligi Kuu ina nafasi 26 katika kikosi chake, nusu yake au karibu ya hapo zikienda kwa warushaji. Wanaosalia benchini ni wanne hivi, na mmoja wao lazima awe mdakaji. Fanya hesabu mwenyewe uone kama kuna nafasi ya mlinzi anayejua besi moja tu.

Sheria nazo hubadilika, na anayezifuatilia mapema hufaidika. Tangu 2023 ni marufuku kuwapanga walinzi watatu wa ndani upande mmoja wa besi ya pili, na wote wanne wanapaswa kuwa na miguu ndani ya mipaka ya uwanja wa ndani wakati mrushaji anapoanza. Kabla ya hapo mlinzi wa besi ya pili mzito wa miguu angeweza kufichwa majanini, mbali, akisubiri mpira. Siku hizi hafichiki. Mwaka huohuo besi ziliongezwa ukubwa, kutoka inchi 15 kila upande hadi 18, na wakimbiaji wakawa wajasiri wa kuiba besi, yaani kuikimbilia inayofuata kabla mpira haujapigwa, hivyo ule ustadi wa kupokea mpira kutoka kwa mdakaji na kumgusa mkimbiaji kwa harakati moja umepanda thamani. Ukifanya mazoezi ya kugusa, weka glavu mbele ya besi uache mkimbiaji ajilete mwenyewe. Wengi humfuata mkimbiaji kwa glavu na kukuta mguu umekwisha kupita.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi, ingawa najua ndilo swali ambalo wazazi huuliza kwanza. Chini ya Ligi Kuu kuna ngazi nne za ligi ndogo, kutoka Single-A hadi Triple-A, pamoja na ligi za wanaoanza zinazochezwa kwenye viwanja vya mazoezi. Kwa makubaliano ya mwaka 2023, ya kwanza kupatikana kwa wachezaji wa ligi ndogo wakiwa chini ya chama, mshahara wa chini wa mwaka ulipanda hadi dola 35,800 kwa Triple-A na dola 19,800 kwa wanaoanza nchini Marekani, na klabu hutoa makazi. Ligi Kuu kwenyewe mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Kati ya namba hizo mbili hakuna daraja, kuna korongo. Aliyeko Triple-A huweza kuitwa juu Jumanne na kurudishwa Ijumaa, na klabu ina haki ya kumpandisha na kumshusha hivyo katika misimu mitatu kabla ya kulazimika kumweka wazi kwa klabu nyingine. Kila siku anayokaa juu huhesabiwa: siku 172 ni mwaka mmoja wa utumishi, siku 43 humpa haki ya pensheni, na miaka sita humfanya huru kuchagua klabu. Zijue namba hizi kabla hujamtafuta wakala, ili umjue wakala mzuri kwa namna anavyokueleza. Na bonasi ya kusaini, ikiwa utaipata, usiigawe nyumbani kwa wiki moja. Najua jinsi simu zinavyopigwa.

Lugha. Zaidi ya robo ya wachezaji wa Ligi Kuu wamezaliwa nje ya Marekani, na walio wengi katika hao huongea Kihispania, hasa katika uwanja wa ndani. Shotistopu na mlinzi wa besi ya pili huongea kila dakika: nani ataifunika besi mkimbiaji akiiba, nani atapokea mtupo kutoka uwanja wa nje, mpira wa juu kati yao ni wa nani. Sisi tuliokua na Kiswahili nyumbani, lugha ya kabila kwa bibi na Kiingereza shuleni, hatuna sababu ya kuiogopa lugha moja zaidi. Mlinzi wa besi ya pili niliyecheza naye msimu wa pili hakujua Kiingereza kabisa. Miezi miwili ya kwanza tuligongana mara mbili, na mara moja mpira ulianguka katikati yetu huku kila mmoja akimpisha mwenzake kwa heshima kama wazee mlangoni. Nilipojifunza maneno thelathini ya Kihispania, kati ya "mimi", "wewe" na "besi gani", tukaanza kuwatoa watu wawili kwa mpira mmoja mchezo baada ya mchezo.

Mwisho wa kazi nao unapaswa kujiandaliwa mapema, jambo ambalo kijana wa miaka 18 hapendi kulisikia. Wengi huachwa mwezi Machi, mazoezi ya kabla ya msimu yanapofungwa. Mimi niliachwa Julai, siku ya mapumziko, kwa kuitwa katika ofisi ndogo yenye feni ya meza, na mazungumzo hayakufika dakika tano. Aliyeniacha hakuwa mtu mbaya. Alinipa mkono, akaniambia mikono yangu ilikuwa mizuri, na nilielewa kwamba hakusema lolote juu ya rungu. Niliweka glavu mbili na viatu ndani ya begi, nikamwachia yule mlinzi wa besi ya pili kamusi yangu ndogo, nikaenda kituo cha basi.

Kwa hiyo siku ya kusaini, kabla hujaangalia bonasi, uliza juu ya masomo. Mikataba ya klabu za Ligi Kuu huweza kuwa na kipengele cha ada ya chuo, ambacho klabu hukubali kukilipia mchezaji atakapoacha kucheza, kwa kiasi kilichoandikwa na kwa muda wenye kikomo, kwa hiyo anayekaa nyumbani miaka mingi akisubiri kuitwa tena huweza kuipoteza haki hiyo bila kujua. Ombi hilo haligharimu kitu kulitoa siku ambayo klabu inakutaka, na halisikilizwi tena siku ambayo haikutaki. Hakikisha kiasi kimeandikwa kwa tarakimu, na nakala moja ya mkataba ibaki kwa mama au baba nyumbani, si kwenye begi lako la safari. Ligi huru hazikuwa na kipengele kama hicho, hivyo ada ya mwaka wangu wa mwisho chuoni niliilipa kwa kuwafundisha watoto, Jumamosi asubuhi, nyuma ya shule moja yenye ukuta mrefu wa saruji, kila mmoja na mpira wake wa tenisi.